Acheni kumimina dawa ya kuzibulia kwenye sinki kabla hamjafungua trapu

Jamani leo naandika nikiwa nimechoka kidogo. Kila nikiitwa kwenye sinki lililoziba lazima nisikie sentensi ileile, "fundi tulishamimina dawa ila imegoma, ndo tukaona tukuite." Na wanasema kama vile wamenipunguzia kazi. Kichwani mwa watu wengi dawa ndio hatua ya kwanza, ya kistaarabu, haichafui mikono, halafu kufungua trapu (ile kona ya bomba iliyojipinda chini ya sinki) na kupitisha springi (ule waya mrefu wa kuzibulia unaoingizwa bombani) ni mambo ya mwisho kabisa. Ni kinyume chake bana. Hilo nitalijibu kwa urefu, mengine nayapitia juu juu.

DHANA: Anza na dawa, ikishindikana ndio ushike vyombo

Dawa nyingi za kuzibulia ni kostiki soda, iwe ya punje au ya maji maji. Sisemi haifanyi kitu. Inamega nywele, na mafuta inayageuza sabuni, kwa hiyo bomba ambalo linashusha maji polepole tu kwa ajili ya utando wa mafuta linaweza kupata nafuu. Shida ni kwamba nyie hammimini kwenye bomba la hivyo, mnamimina sinki likiwa limejaa hadi juu maji yamesimama. Sasa jiulize mwenyewe, kama maji hayapiti, dawa itapitaje? Inabaki palepale juu inachanganyika na maji inapungua nguvu kabla haijagusa uchafu wenyewe. Na kama bomba limeziba nusu, dawa inapita kwenye upenyo ulio wazi inaenda zake, uchafu unabaki umelowa. Yaani pande zote mbili umekula hasara.

Halafu zile punje ndio zinanimaliza kabisa. Zikitua chini ya trapu na maji hayatembei, zinashikana na mafuta yaliyokuwa pale, unapata bonge jeupe gumu ambalo hata bisibisi inalikwangua kwa shida, na juu yake unakuta nywele zako zimekaa kama zilivyokuwa. Sasa badala ya kitu kimoja kilichoziba tuna viwili.

Na hapo bado sijagusa joto. Kostiki ikikutana na maji inachemka yenyewe, bomba za plastiki (PVC) haziupendi huo moto na bakuli la choo la kauri linaweza kupata ufa. Ikigusa aluminiamu inatoa gesi ya haidrojeni, inayowaka. Tena kuna vitu haiviwezi hata ukimimina ndoo: wipes (vile vitambaa laini vyenye unyevu vya kujifutia), kipande cha sponji, kifuniko cha chupa, mchanga, mizizi ya mti iliyoingia bombani.

Lakini kinachoniudhi kuliko vyote ni ile "ya kwanza imegoma ngoja tujaribu nyingine." Ya kwanza iko bado mle ndani! Ukiongezea dawa ya asidi juu ya kostiki vinachemka ghafla na kurukia usoni. Asidi ya kusafishia choo ikikutana na blichi inatoa gesi ya klorini, na bafu dogo lisilo na dirisha sio mahali pa kuivuta hiyo kitu. Kwa hiyo usichanganye, hata kama ya kwanza uliweka jana na maji bado yamesimama. Na kama ulishamimina, usipige plunja, ule mpira wenye mpini wa kusukumia (maji yatarukia macho), na fundi akifika mwambie umeweka nini na lini, mwonyeshe chupa kabisa. Watu wanaficha hii kitu eti wanaona aibu, halafu mimi ndio natia mkono.

Sasa ushauri wangu ambao narudia kila nyumba hadi nachekwa: fungua trapu. Weka ndoo chini yake, vaa glavu, zungusha zile nati mbili za plastiki kwa mkono (kama trapu yako sio ya kujipinda bali ina umbo la chupa, zungusha kile kikombe cha chini), maji yatashuka na uchafu utakuwa mbele yako. Kwenye beseni la kunawia mara nyingi unatoa mkia wa nywele wa kijivu unaoteleza, umefungana na sabuni, na ndani yake pini ya nywele au kifuniko cha dawa ya meno. Angalia washa ya mpira ilikaa upande gani kabla hujaitoa, osha kila kitu kwenye ndoo, SIO kwenye sinki hilohilo ulilolifungua (cheka, lakini watu wanafanya), rudisha, kaza kwa mkono tu maana ukikaza kwa spana unapasua nati. Mwaga maji, pitisha tishu kavu kwenye maungio uone kama inalowa. Basi. Na usije ukaacha bila trapu eti "ndio inayoziba", maji yanayobaki kwenye ile kona ndio yanazuia harufu ya maji taka isiingie ndani.

Trapu ikiwa safi na bado maji hayaendi, hapo ndio unaingiza springi kwenye bomba la ukutani. Unazungusha huku unasukuma taratibu, ikigonga kitu usilazimishe, endelea kuzungusha hadi inase halafu vuta.

Bekingi soda na siki

Najua, povu linapendeza. Ila kimoja ni asidi kingine ni alkali, vikikutana vinauana, na kinachobaki ni maji yenye chumvi chumvi. Ile gesi ya povu nayo inatokea juu kwenye tundu lililo wazi, haina sababu ya kusukuma uchafu chini. Kama unataka kupunguza harufu sawa, kuzibua hapana.

"Mimina maji yanayochemka"

Kwa nywele hayafanyi kitu. Kwa mafuta yanayeyusha, mafuta yanasogea mbele yanapoa yanaganda tena, safari hii mahali ambapo mkono wako haufiki. Na PVC ya kawaida inaanza kulainika kwenye nyuzi kama 80 hivi wakati wewe unamwaga ya 100. Maji ya moto ambayo mkono unaweza kuvumilia, na sabuni ya vyombo, yanatosha kusafisha utando. Mafuta ya kukaangia yenyewe yafute kwa karatasi utupe kwenye taka.

"Plunja haisaidii kitu"

Haisaidii kwa sababu hujaziba lile tundu la juu la beseni, la kupitishia maji yakijaa sana. Hewa yote inatokea pale. Weka kitambaa kibichi uzibe, kama sinki ni la mabakuli mawili ziba na la pili, maji yafunike mpira, halafu kumbuka kuvuta ni muhimu sawa na kusukuma. Ya choo ni ile yenye shingo ya ziada kwa chini, ile bapa ni ya sinki.

Wipes "za kuflashi"

Chukua chupa mbili zenye maji, moja tia tishu ya choo, nyingine wipe, tikisa. Utaona mwenyewe. Mwaka 2017 pale Whitechapel, London, walikuta kwenye mtaro bonge la mafuta na wipes la tani 130, urefu wa mita 250. Zilipita vizuri tu kwenye vyoo vya watu.

Mwisho, sio kila kuziba ni kwa sinki. Ukiflashi choo na bafu likaanza kubwabwaja, au maji yakapanda kwenye tundu la chini kuliko yote, bomba kubwa ndio limeziba na hakuna dawa wala plunja ya sinki itakayofika huko. Acheni kutumia maji, fungua mfuniko wa chemba ya nje (lile shimo la kukagulia bomba la maji taka), simama pembeni, usiingie wala usiwashe moto. Chemba imejaa? Tatizo liko mbele yake. Iko kavu? Liko kati yake na nyumba. Ukinipigia simu ukiwa na jibu la hilo, najua kabisa nianzie wapi kupitisha springi ndefu.