Anga ikitakata, lida ya upepo huona kidogo

Lida ya upepo ni mtambo unaorusha mwale wa leza angani na kupima upepo kwa mwanga unaorudi. Malalamiko haya kuihusu huja mara nyingi baada ya mvua kubwa: "Leo anga iko safi kabisa, mbona lida haisomi zaidi ya mita 120? Imeharibika?" Haijaharibika. Haisomi kwa sababu anga iko safi.

Dhana kwamba hewa ikitakata leza itapima mbali zaidi tumeirithi kutoka kwa macho yetu. Jicho linatafuta mlima ulio nyuma ya hewa. Lida inatafuta hewa yenyewe. Lida nyingi za ardhini hutumia infraredi ya takriban nanomita 1,550, ambayo molekuli za hewa hurudisha kidogo mno. Kinachopokelewa ni mwanga uliotawanywa na erosoli: vumbi, moshi, chumvi ya bahari. Chembe hizo ni nyepesi hata huchukuliwa na upepo kwa mwendo wake uleule, kwa hiyo mwanga hurudi ukiwa umebadilika masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) kwa athari ya Doppler, yaani kwa sababu kilichourudisha kinasogea. Badiliko lenyewe ni dogo: megahezi 1.3 hivi kwa kila mita 1 kwa sekunde, ilhali masafa ya leza ni kama terahezi 193. Mvua ikiziosha chembe, ishara huzama kwenye kelele na programu hukitupa kipimo. Hapo ndipo wengine hushusha kizingiti cha ubora, yaani kiwango cha chini cha ishara ambacho programu hukubali, ili jedwali lijae. Acheni, jamani! Namba ya kelele ikishaingia kwenye wastani, hakuna atakayeitoa tena.

Najua mtu ataitaja Aeolus. Kweli, setilaiti hiyo ya Shirika la Anga za Juu la Ulaya, iliyorushwa Agosti 2018 na kuungua ikirudi angahewani Julai 2023, ilipima hata penye hewa safi. Ilitumia urujuanimno wa nanomita 355, ambao molekuli huutawanya mara 360 hivi kuliko nanomita 1,550. Ila molekuli hutimka ovyo kwa joto na kuyatanua masafa ya mwanga unaorudi, hivyo kipokezi chake kilikuwa cha aina nyingine kabisa.

Wapo pia wanaodhani basi mawingu ni neema. Sivyo. Wingu zito hurudisha ishara kali kutoka kwenye kitako chake, kisha huumeza mwale. Juu yake hupati kitu.

Kwamba mwale mmoja unatosha? Hautoshi. Hupima tu mwendo wa kuusogelea au kuukimbia mtambo. Upepo ukiukata kwa pembe mraba, utasoma sifuri. Ndiyo maana mwale huelekezwa pande kadhaa, na hesabu huchukulia kwamba upepo ni uleule pande zote. Penye vilima dhana hiyo huvunjika, kwa hiyo ulizia marekebisho kabla ya kuusimika mtambo.

Hatari ya leza kupofusha macho ni ndogo kuliko watu wanavyoidhani: mitambo mingi ya ardhini ya aina hii ni leza ya Daraja la 1, daraja la usalama lenye hatari ndogo kabisa, na mwanga wa nanomita 1,550 hufyonzwa sehemu ya mbele ya jicho kabla ya kufika kwenye retina. Soma lebo. Na ukiwa hapo hapo, futa kioo. Mara nyingine "hitilafu" ni tope tu.