Je, wajua kwa nini gari lililonyanyuliwa hurukaruka hata likiwa na springi mpya?

Kwenye gereji za Mwanga, hapa Kigoma mjini, kuna malalamiko mawili yasiyoisha. La kwanza ni la mwenye Land Cruiser mkonga iliyolala nyuma: "Fundi, shokapu zimekufa, ona gari lilivyokaa." Shokapu mpya zinafungwa, jeki inashushwa, na gari linalala palepale. La pili ni la aliyenyanyua gari inchi mbili ili afike Kalya bila kukwaruza tumbo. Springi ni mpya, gari limesimama vizuri, lakini linaruka kuliko zamani, na kila gurudumu likidondokea shimoni kunalia chuma. Huyu naye hushauriwa atafute shokapu "ngumu".

Malalamiko yote mawili yanatokana na imani moja, kwamba shokapu ndiyo inayobeba gari. Haibebi. Uzito wote umekaa juu ya springi. Kwenye mkonga nyingi tunazoziona huku, zile za kuanzia 1999, mbele kuna koili (chuma kilichosokotwa) na nyuma kuna majani (mabamba ya chuma yaliyolaliana). Kabla ya hapo mkonga, yaani Land Cruiser za kazi nzito za mfululizo wa 70 ulioanza kutengenezwa mwaka 1984, zilikuwa na majani mbele na nyuma. Springi hubonyea mpaka nguvu yake ilingane na uzito iliotwishwa, na hapo ndipo gari linapotulia. Fungua shokapu zote nne gari likiwa limesimama mahali tambarare, na kimo chake hakitabadilika kwa kiasi cha kukushtua. Kwa hiyo gari likilala nyuma, tazama majani ya springi: limechoka lipi, limevunjika lipi, mzigo umezidi kiasi gani.

Imani hii haitoki hewani, na ndiyo maana inadumu. Kwanza ni mahali shokapu ilipokaa, wima kati ya ekseli (mhimili wa magurudumu) na chasisi (fremu ya gari), kiasi kwamba macho yanaona kitu kilichoshikilia kitu. Pili, magari madogo mengi yana springi na shokapu zilizofungwa pamoja, moja ikiizunguka nyingine, na watu huzipa zote mbili jina moja. Tatu ni shokapu ya gesi yenyewe: inafika dukani imebanwa kwa kamba, ukiikata inajisukuma polepole mpaka imenyooka yote. Mnunuzi anaona nguvu kwa macho yake. Na hapa lazima tuseme ukweli wote: gesi hiyo inasukuma kweli. Kwenye shokapu za gesi ya shinikizo kubwa msukumo huo unaweza kufika kilo makumi kadhaa, na gari jepesi linaweza kuinuka kidogo sana. Lakini mkonga ina uzito wa zaidi ya tani mbili kabla hujapakia kitu. Gesi haikuwekwa mle kwa kazi ya kubeba. Kazi yake nitaieleza mbele.

Sasa shokapu inafanya nini? Springi ina tabia moja ya ajabu: haipotezi karibu chochote ulichoipa. Gurudumu likipanda jiwe, springi inabonyea na kuhifadhi nguvu ya pigo hilo, kisha inairudisha yote. Gari linatupwa juu, linashuka, linabonyea tena, linatupwa tena. Pasipo kitu cha kuila nguvu hiyo, tuta moja linatosha kukuyumbisha mita nyingi baada ya kulivuka.

Shokapu ndiyo mlaji, na namna inavyokula inaeleweka vizuri zaidi ukiwa mtumbwini, tuseme pale Kibirizi. Zamisha kasia majini ulishike bila kulivuta. Maji hayakupingi kwa lolote. Livute taratibu, utasikia upinzani mdogo. Livute kwa nguvu, kwa ghafla, na maji yanakuwa mazito mkononi, kasia linataka kukutoka. Ziwa ni lilelile na kasia ni lilelile. Kilichobadilika ni mwendo. Ndani ya shokapu, pistoni ndiyo kasia na oili ndiyo ziwa. Pistoni ina matundu madogo yaliyofunikwa na visahani vyembamba vya chuma vinavyofanya kazi ya valvu, na kila inapopanda au kushuka oili hulazimika kujipenyeza humo. Ikienda taratibu, oili inapita kwa raha. Ikipigwa ghafla, oili inagoma. Na gari likiwa limesimama pistoni haiendi popote, kwa hiyo upinzani wa oili ni sifuri. Kitu chenye upinzani sifuri hakiwezi kubeba tani mbili.

Kasia linatufundisha jambo la pili pia. Mpiga makasia hatumii nguvu sawa kwenda na kurudi: anavuta ubapa wote ukiwa majini, kisha analirudisha mbele kwa ukingo au juu ya maji ili lisimkwamishe. Shokapu nyingi zimepangwa hivyohivyo. Zinapofunguka, springi ikijaribu kulitupa gari juu, valvu zinabana sana. Zinapobonyea, zinabana kidogo, ili gurudumu lipande jiwe bila kulisukuma gari zima. Ndiyo maana kuikandamiza shokapu kwa mikono dukani na kusema "hii ngumu" hakukuambii mengi. Upande wenye kazi kubwa ni ule wa kuvuta.

Nguvu iliyoliwa inakwenda wapi? Inakuwa joto. Chukua ile barabara ya vumbi ya Simbo, Ilagala hadi Kalya, au njia za pembeni za Kasulu, mahali ambapo vumbi limejikunja kuwa vijituta mfululizo. Vijituta vikiwa na mita 0.8 kutoka kilele hadi kilele, gari la kilomita 72 kwa saa hupita mita 20 kila sekunde: gurudumu linapigwa mara 25 kwa sekunde, mara 90,000 kwa saa. Kila pigo linaongeza joto kwenye oili. Simama Ilagala baada ya kipande kibaya, uone dereva mzoefu anavyofanya kabla hata ya kunywa maji. Anachuchumaa, anasogeza nyuma ya kiganja karibu na mwili wa kila shokapu bila kuugusa, kwa sababu unaweza kuunguza, kisha anahamia gurudumu lingine. Hatafuti iliyopata moto. Anatafuta ya baridi. Shokapu iliyopoa wakati mwenzake wa upande wa pili inachemka ndiyo iliyokufa: imeacha kula nguvu, kwa hiyo haina joto la kutoa. Sijui kipimo kingine cha gari kinachopendeza kama hiki, na hakihitaji hata spana.

Sasa turudi kwa aliyenyanyua inchi mbili. Inchi mbili ni takriban milimita 50. Tuseme shokapu zake za zamani zina mwendo wa milimita 220 na zilikaa katikati: 110 za kubonyea, 110 za kufunguka. Gari limepanda, shokapu imevutika nalo, na sasa zimebaki kama 60 tu za kufunguka, zaidi kidogo ikiwa shokapu imefungwa kwa kulala. Gurudumu likidondokea shimo refu, springi bado inataka kushuka lakini shokapu imefika mwisho. Ule mlio wa chuma ni shokapu ikizuia ekseli nzima kuning'inia, kazi ambayo haikuumbiwa. Kinachofuata ni bushi (mipira ya kwenye viungo) kupasuka, sili inayozuia oili kuvuja, na mara nyingine kishikio kung'oka kwenye chasisi.

Hilo ni nusu ya tatizo. Springi za kunyanyulia aghalabu ni ngumu kuliko za mwanzo, na springi ngumu hurudisha kwa haraka na kwa nguvu zaidi. Ukiongeza ugumu wake kwa asilimia 50 na uzito wa gari ukabaki uleule, uwezo wa shokapu za zamani kulituliza unapungua kwa karibu asilimia 18 ukilinganisha na unaohitajika. Shokapu ambayo jana ilitosha, leo haitoshi, ingawa haijavuja hata tone.

Nyuma, kwenye majani, mambo yana utata kidogo. Majani husuguana, na msuguano huo nao unakula nguvu. Ndiyo maana gari la majani linaweza kutembea na shokapu zilizokufa kwa muda mrefu bila mwenyewe kugundua. Lakini msuguano haujali mwendo kama oili inavyojali. Unapinga hata pigo dogo kabisa, na kila jani unaloongeza linaufanya mkubwa. Gari likiwa tupu, majani hayabonyei kabisa kwenye vijituta vidogo, na abiria wa nyuma wanapigwa moja kwa moja. Kuongeza jani ni dawa nzuri kwa gari linalobeba mzigo kila siku. Kwa gari linalokwenda Nyarugusu na watu wawili na kurudi na watu wawili, ni adhabu. Springi nzuri za kubadilishia huuzwa kwa kutaja mzigo wa kudumu, kwa mfano kilo 200 au 400, na mwenye gari anapaswa kutaja mzigo wake halisi, siyo ule wa safari moja ya Krismasi.

Basi shokapu ngumu kuliko zote ndiyo jibu? Hapana. Ikibana kupita kiasi wakati wa kufunguka, kwenye vijituta gurudumu halipati muda wa kushuka kabla ya pigo linalofuata. Gari linavutwa chini kidogo kidogo mpaka linakaa kwenye mipira ya kuzuia ekseli isigonge chasisi, na ugumu unaousikia hapo watu husema kwa makosa umeletwa na "springi laini". Kinachotakiwa ni shokapu ndefu zaidi kwa kiasi cha kunyanyua, zenye valvu zilizopangwa kwa springi hizo mpya.

Na ile gesi? Ni naitrojeni, na ipo ili oili isitoe povu. Povu likiingia, pistoni inapita humo kana kwamba hakuna kitu. Katika miaka ya 1950 Mfaransa Christian Bourcier de Carbon alileta shokapu ya bomba moja, ambayo gesi ya shinikizo kubwa hutengwa na oili kwa pistoni ya pili inayoelea. Inapoa upesi, kwa kuwa oili inagusa ukuta wa nje. Ubaya wake ni kwamba ukuta huo ndio njia ya pistoni, na jiwe likiubonyeza shokapu inakwama. Ya mabomba mawili, ambayo bomba la pistoni limo ndani ya bomba la nje, huvumilia kubonyezwa zaidi. Kwa njia za mawe ya ukubwa wa ngumi, mimi ningechukua ya bomba moja yenye ukuta mnene au kinga ya chuma, na kama hakuna, ningebaki na mabomba mawili.

Mengine yaangaliwe siku hiyohiyo ya kunyanyua. Shokapu ndefu hata ikibonyea yote inabaki ndefu, kwa hiyo mipira ya kuzuia ishushwe, la sivyo pistoni itagonga kitako. Ekseli ya mbele huzunguka kidogo gari likipanda, usukani unaacha kujirudisha wenyewe, na tiba yake ni bushi zenye tundu lililosogezwa pembeni. Mipira ya breki ikaguliwe magurudumu yakiwa yananing'inia, isije ikavutika. Kitovu cha uzito kimepanda, kwa hiyo magunia ya kwenye keria yapunguzwe. Na kwa yule anayenyanyua ili difu (lile bonge la gia kwenye ekseli) isiguse mawe, springi haitamsaidia: difu imo ndani ya ekseli, na ekseli imekaa kwenye tairi. Tairi lenye kipenyo kilichozidi inchi mbili ndilo litakalompa inchi moja chini ya difu.