Chiriku wako hana maringo, hakijui tu hicho chakula

Dodoma hatuhitaji kufundishwa kwamba ndege anapenda nafaka. Aliyewahi kuamia shamba la mtama kule Bahi au Chamwino anajua: unapiga debe mpaka mkono unauma, kwelea wanaruka, wanatua tena hatua tano mbele. Ndiyo maana mtu wa hapa mjini akinunua chiriku wa tunduni, wale wadogo wenye asili ya Australia, mdomo mwekundu, dume na shavu la rangi ya chungwa, anawajazia mbegu kavu na kuona kazi imekwisha. Mimi nilifanya hivyohivyo. Na kuna maneno ambayo sisi wafugaji tunaambiana kila siku; hebu tuyapime moja moja.

"Ndege wa mbegu anakula mbegu tu."

Kwelea huyohuyo anakanusha. Msimu anaotutesa zaidi ni ule ambao suke bado bichi, punje ukiiminya inatoa maziwa. Makinda yake, siku za mwanzo, anayalisha wadudu. Na mvua za kwanza zikishuka, kumbikumbi wakaanza kutoka ardhini, tazama ndege wanavyohangaika nao. Mbegu kavu ni chakula cha kiangazi, na wetu wa tunduni tunawawekea kiangazi miezi yote 12. Zina wanga na mafuta ya kutosha, ila vitamini A na kalsiamu ni kidogo mno. Anayeumia mapema ni jike anayetaga: ganda la yai linakuwa laini, au yai linamkwama.

"Mnyime mbegu. Njaa ikimbana atakula mboga."

Hii iliniponza. Jumamosi moja asubuhi nilitoa mbegu zote, nikaacha mchicha peke yake. Saa nane mchana jike mmoja alikuwa chini kwenye gazeti, amejitunisha manyoya kama pamba, macho yanafumba na kufumbua. Nilirudisha mbegu haraka, akapona. Ndege huyu ana uzito wa gramu 12 hivi, kama vijiko vitatu vya chai vya sukari. Mwilini hana akiba ya kungojea akate shauri. Siku moja bila kula inaweza kumuua.

Kuna njaa nyingine inayotokea bila mtu kukusudia. Chiriku anamenya kila mbegu kwa mdomo, anameza kiini, ganda linadondokea palepale. Ukitazama kwa mbali bakuli limejaa. Lipulize: maganda yanaruka, chini unakuta mbegu sita. Puliza kila asubuhi.

"Amekikataa, basi hakipendi."

Mgeni aliyekulia kwenye ndizi za Bukoba, siku ya kwanza akiwekewa mlenda, anaukodolea macho. Hajauonja, atajuaje kama ni mbaya? Chiriku naye chakula asichokizoea anakiona kitu cha kutisha tu kilichoingia nyumbani kwake. Wangu walikaa siku nne kwenye kijiti cha juu kabisa, mbali na kisahani cha mchicha.

Kilichosaidia ni kukata mchicha mwembamba kabisa na kunyunyizia juu yake ulezi wanaoujua, mahali palepale na saa ileile ya alfajiri wanapoamka na hamu, huku bakuli la kawaida likibaki pake. Wanadonoa ulezi, jani linashika mdomoni, wanalimeza bila kutaka. Hawa ni ndege wa kundi: akianza mmoja jasiri, wenzake wanamwiga. Kwangu ilichukua wiki tatu. Sukuma wiki na karoti iliyokunwa vilifuata, vyote vikioshwa sana kwa sababu ya dawa za shambani.

Njia rahisi kuliko zote tunaijua tangu zamani: kimea. Ulezi wa uji, ulowekwe usiku kucha, uchujwe, usuuzwe maji safi asubuhi, mchana na jioni. Kikitokea kincha cheupe kidogo tu, wape. Usisubiri kirefuke kama cha pombe. Ukinusa uchachu, mwaga. Na usichukue mbegu za dukani za kupandia zilizopakwa rangi; ile rangi inaashiria dawa.

Yai lililochemshwa mpaka likaiva kabisa, lipondwe pamoja na ganda lake, linawapa protini na kalsiamu kwa mpigo. Kijiko cha chai kinatosha ndege wanne. Kwa joto letu la Oktoba, baada ya saa moja liondoe.

"Mboga zinawaharisha." Kinyesi kinakuwa na majimaji zaidi kwa sababu mboga ina maji. Sehemu ya katikati ikibaki na umbo lake, hakuna tatizo. Ikiwa uji mtupu na ndege amejitunisha, huyo mpeleke kwa daktari wa mifugo.

"Ninachokula mimi na yeye ale." Hapana. Parachichi ni sumu kwa ndege, hata kipande kidogo usijaribu. Chokoleti, kahawa, pombe na vyakula vya chumvi navyo viwe mbali na tundu.

Vitamini za matone kwenye maji sizitumii. Kwa joto hili maji yanaharibika upesi, na ndege akichukia ladha anapunguza kunywa.

Dume wangu mzee mpaka leo hagusi karoti. Anakula mchicha, anagombania kimea, na yai analifuata mkononi. Karoti nimeacha kumsumbua nayo.