Ruhusa za kifurushi cha Flatpak: watu wanavyoamini na ilivyo kweli

Hapa Arua, Uganda, nimekaa na vijana wanaotengeneza programu ya kuweka hesabu za SACCO. Kazi yao ni nzuri: inasoma orodha ya wanachama, inakokotoa riba, inatoa stakabadhi. Siku ya kuifunga kwa Flatpak, yaani mfumo wa kufunga na kusambaza programu za Linux, ili iingie kwenye kompyuta za Linux za matawi yote, nilifungua faili ya maelekezo ambayo flatpak-builder, chombo cha kujenga kifurushi, huisoma. Nikakuta mstari huu: `--filesystem=home`, yaani programu ipewe folda yote ya nyumbani ya mtumiaji.

"Ndugu yangu, huu ni wa nini?" nikamuuliza mmoja wao.

"Mwalimu, bila huo haifungui faili za mtumiaji. Halafu si iko ndani ya Flatpak? Ni salama."

Yote mawili si kweli, na siyo yeye peke yake ninayemsikia akiyasema.

"Ikishakuwa Flatpak, ni salama." Flatpak huiweka programu katika chumba chake, yaani huitenga na kompyuta nyingine yote, kwa kutumia chombo kiitwacho bubblewrap. Humo haioni faili zako wala haigusi mtandao, mpaka aliyeifunga aandike vingine kwenye sehemu ya `finish-args`. Usalama wote uko pale, katika mistari michache ambayo wengi huinakili kutoka kwa kifurushi cha mtu mwingine. Kompyuta ya karani wa SACCO imejaa picha za vitambulisho vya taifa na barua za mikopo. Ukimpa programu folda yote ya nyumbani, umempa hivyo vyote. Na kuna baya zaidi: programu inayoweza kuandika humo inaweza kuongeza amri ndani ya `.bashrc`, faili inayosomwa kila dirisha la amri linapofunguliwa, na siku karani akifungua dirisha la amri, amri hiyo itaendeshwa nje ya chumba. Hapo kuta hazipo tena. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu achukue zile tu zinazohitajika na azilinde. Mimi sioni namna mstari ule unavyopatana na sheria hiyo.

"Bila ruhusa ya nyumbani, haifungui faili." Hili ndilo lililotuchukua mchana mzima. Ukweli ni kwamba dirisha la kuchagua faili linaweza kufunguliwa nje ya chumba, na huduma ziitwazo portal. Mtumiaji anachagua, na faili ile moja tu ndiyo inayopitishwa ndani. Tukafuta mstari, tukajenga upya, karani akachagua `wanachama.csv`. Ikafunguka, ila njia ya faili ilianza na `/run/user/1000/doc/`, vijana wakashtuka wakidhani imeharibika. Haikuharibika, ndivyo portal inavyofanya kazi.

Kilichoharibika kweli ni nakala ya akiba. Programu ilikuwa na desturi ya kuandika nakala pembeni ya faili ya kwanza, na sasa folda ile haikuiona. Kuna dawa mbili: umwombe mtumiaji achague folda kwa portal ileile, au utoe ruhusa nyembamba kama `--filesystem=xdg-documents/SACCO:create`. Tulichukua ya pili, kwa sababu makarani hawapendi kuulizwa kila jioni. Folda moja yenye jina inajulikana ni ya nini. Nyumba nzima haijulikani.

"Kujenga kunahitaji mtandao, basi andika `--share=network`." Walikuwa wameiandika ndani ya `finish-args` ili pip, kipakuzi cha maktaba za Python, ipakue maktaba. Haikupakua kitu, kwa kuwa ruhusa za hapo ni za wakati wa kuendesha, siyo wa kujenga. Wakabaki na programu ya hesabu yenye mtandao isiouhitaji. Wakati wa kujenga mtandao hukatwa kwa makusudi: maktaba unaziorodhesha kama vyanzo, kila moja na sha256 yake, yaani alama ya kuhakiki kuwa faili haijabadilishwa, zinapakuliwa kabla ujenzi haujaanza na kuhifadhiwa ndani ya `.flatpak-builder`. Ukijenga mara ya pili bando lako haliguswi, na hakuna aliyebadilisha maktaba usiku bila wewe kujua.

Kuhusu skrini nitasema kwa ufupi. Linux ina mifumo miwili ya kuonyesha madirisha, X11 ya zamani na Wayland mpya: ukiandika `--socket=x11`, programu inaweza kusoma vitufe vinavyobonyezwa kwenye programu nyingine za X11. Andika `wayland` pamoja na `fallback-x11`, ili X11 itumike pale tu Wayland inapokosekana.

"Mtumiaji anapokea tu alichopewa." Hapana. `flatpak info --show-permissions` ikifuatwa na jina la programu humwonyesha kila kitu, na `flatpak override --user --nofilesystem=home` ikifuatwa na jina hilohilo humnyang'anya programu funguo. Asiyependa amri atumie Flatseal, programu inayoonyesha ruhusa hizo kama swichi za kuwasha na kuzima.

"Flatpak ni ya wenye intaneti ya bei rahisi." Programu ya kwanza huja na msingi, yaani maktaba za pamoja inazozitegemea, wa mamia ya megabaiti, ni kweli. Lakini msingi huo hutumiwa na programu zote zinazoutegemea, na masasisho huleta zaidi yale yaliyobadilika. Ipo pia amri ya `flatpak create-usb`, ya kuweka programu pamoja na msingi wake kwenye flashi. Matawi yaliyo nje ya mji tutayapelekea hivyo.