Majina ya asili ya Waslavi na namna ya kuyasoma

Vladimir si "mtawala wa dunia". Naanza na hilo kwa sababu ndilo swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote katika kazi yangu ya kufundisha historia ya lugha za Kislavi, na kwa sababu ukilielewa jina hilo moja, majina mengi ya asili ya Warusi, Waukraina, Wapoland, Wacheki, Waserbia, Wakroatia na Wabulgaria hayatakusumbua tena.

Sehemu ya kwanza haina ubishi. *Vlad-*, ambayo Waslavi wa mashariki waliitamka *volod-*, ni kutawala, kumiliki. Ubishi uko kwenye *-mir*. Mrusi wa leo akisikia *mir* anasikia amani, au ulimwengu, ndiyo maana tafsiri ya "mtawala wa dunia" imeenea kila mahali. Lakini hati za kale za Kyiv zinaandika *Volodiměrъ*, na hiyo *ě* si irabu ya neno *mir*. Ni kipande kingine kabisa, *-měrъ*, chenye undugu na *mers* ya Kigothi, lugha ya kale ya jamii ya Kijerumani, na maana yake ni mkuu, mwenye jina kubwa. Wapoland wameihifadhi irabu hiyo hadi leo: wao husema Włodzimierz na Kazimierz, wala si *-mir*. Kwa hiyo Vladimir wa kwanza alikuwa "mkuu kwa utawala wake". Vizazi vilivyofuata vilisahau *měrъ*, vikasikia *mir* waliyokuwa nayo mdomoni kila siku, na tahajia nayo ikafuata masikio. Jina lenyewe lilisafiri mbali: mfalme Valdemar wa Kwanza wa Denmark, aliyezaliwa 1131, alikuwa kitukuu wa Vladimir Monomakh wa Kyiv kwa upande wa mama, na ndiye aliyeliingiza katika ukoo wa wafalme wa huko.

Majina ya kikabaila ya Waslavi yalijengwa hivyo, vipande viwili vilivyounganishwa. Vipande vyenyewe si vingi, na vinarudi tena na tena. *Slav* ni utukufu, sifa. *Mir* yenyewe, amani. *Bog*, Mungu. *Mil* na *drag*, mpendwa, mwenye thamani. *Svyat*, mtakatifu, ingawa zamani kabla ya Ukristo lilibeba zaidi maana ya nguvu. *Yar*, mkali. *Ljud*, watu. *Rad*, furaha. Ukiwa na hivi tu unaweza kumsoma Miroslav, Bogumil, Ljudmila, Radomir, Svyatoslav na Yaroslav bila kamusi.

Hicho kipande cha *slav* kinastahili maneno mawili zaidi. Mzizi wake ni ule wa kusikia. Utukufu kwa Waslavi wa kale ulikuwa ni kusikika, jina lako kuvuma hadi kwa watu wasiowahi kukuona. Mzazi aliyemwita mwanawe kwa jina la *-slav* alimtakia hilo: atajwe.

Sasa kosa ambalo wasomaji wengi hulifanya ni kulisoma jina kama sentensi. Chukua Kazimierz. *Kazi-* ni kuharibu. Mtu akishaamini kwamba *-mierz* ni amani, anabaki na "mharibu amani", halafu anahangaika kutafuta sababu ya mzazi kumwita mwanawe hivyo. Mwingine ataongeza "amani ya adui" ili mambo yakae sawa. Hakuna haja. Vipande vilichaguliwa kimojakimoja, kila kimoja kwa uzito wake, na mara nyingi kimoja kilirithiwa kutoka kwa baba au babu. Wahesabu watoto wa kiume wa Vladimir, yule mtawala wa Kyiv aliyebatizwa mwaka 988: Vysheslav, Izyaslav, Yaroslav, Mstislav, Svyatopolk, Vsevolod na wengine. Baba yake Vladimir alikuwa Svyatoslav. Kisha Yaroslav akawaita wanawe Vladimir, Izyaslav, Svyatoslav, Vsevolod, Vyacheslav na Igor. Kipande cha *-slav* kinapita ukoo mzima, kikipokewa mbele na kitu kipya kila mara: kulipa kisasi kwa Mstislav, kutwaa kwa Izyaslav, kuzidi kwa Vyacheslav. Jina lilikuwa alama ya ukoo kwanza, maana ikafuata. (Igor ndiye mgeni hapo. Limetoka kwa Waskandinavia walioanzisha ukoo huo, kama Oleg na Olga, ambayo ni Helgi na Helga.)

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Praha. Mwanzoni mwa karne ya 10, Ucheki ilitawaliwa na Vratislav, mwana wa Ludmila. Mkewe aliitwa Drahomíra. Wanawe wawili wakaitwa Václav na Boleslav. Václav ni lilelile jina la Vyacheslav: *vęce-*, zaidi, na *slav*. Boleslav ni *bole-*, nalo ni zaidi, na *slav*. Ndugu wawili wa tumbo moja, majina mawili tofauti masikioni, maana ileile: utukufu uliozidi. Wazazi walichota kisimani mara mbili wakapata maji yaleyale.

Mwaka 921 Ludmila aliuawa Tetín kwa kunyongwa, na habari za kale zinasema amri ilitoka kwa Drahomíra, mkwe wake. Kisha, tarehe 28 Septemba, mwaka ambao wanahistoria wengi huutaja kuwa 935 na wengine 929, Václav alialikwa kwa ndugu yake katika mji unaoitwa leo Stará Boleslav, akauawa na watu wa Boleslav mlangoni pa kanisa. Bibi na mjukuu wakatangazwa watakatifu. Boleslav akatawala miaka mingi, tena kwa nguvu.

Inasimuliwa pia habari ya mtoto wa kiume wa Boleslav huyo. Cosmas wa Praha, padri aliyeandika historia ya Wacheki mwanzoni mwa karne ya 12, anasema mtoto huyo alizaliwa wakati wa karamu ile ya mauaji, akaitwa Strachkvas: *strach*, hofu, na *kvas*, karamu. Karamu ya kutisha. Baba kwa majuto akamtoa awe mtawa. Mimi nadhani Cosmas, au waliomsimulia, walilikuta jina wakaitafutia hadithi inayolifaa, maana majina ya vipande viwili hayakupewa namna hiyo. Lakini angalia jinsi msomi wa miaka ya 1100 alivyokuwa tayari kulisoma jina kama sentensi. Tabia hiyo ni ya zamani sana.

Ukoo huohuo ndio uliotawanya majina yake. Doubravka, binti Boleslav, aliolewa na Mieszko wa Poland, na mwaka 966 Mieszko akabatizwa. Mtoto wao wa kwanza akapewa jina la babu yake mzaa mama. Ndivyo Bolesław lilivyoingia katika nyumba ya wafalme wa Poland, likakaa humo kwa vizazi.

Hayo ni majina ya watu wa ngome na upanga. Mkulima naye alimwitaje mwanawe? Mara nyingi kwa neno moja lisilo na mapambo. Pervusha, wa kwanza. Tretyak, wa tatu. Zhdan, aliyengojewa. Nezhdan, asiyetarajiwa. Na kuna kundi linalomshangaza mgeni: Nekras, asiye mzuri, Nemil, asiyependwa. Wenye kina Mashaka, Tabu na Shida katika ukoo wao wataelewa upesi. Pale ambapo watoto walikufa mmoja baada ya mwingine, jina zuri lilikuwa hatari, kwani lingewavutia wenye husuda na viumbe vya usiku. Ukimwita asiyependwa, nani atahangaika kumchukua?

Waserbia walikwenda njia nyingine, wakamwita mtoto Vuk, mbwa mwitu. Vuk Karadžić, aliyezaliwa 1787 na kuja kuipa lugha ya Kiserbia maandishi inayotumia leo, alipewa jina hilo baada ya wazazi wake kuzika watoto waliomtangulia. Mwenyewe alieleza sababu katika kamusi yake ya mwaka 1818, chini ya neno *vuk*: mwanamke ambaye watoto wake hawakai humwita mwanawe Vuk, kwa sababu watu waliamini watoto huliwa na wachawi, na mchawi hatathubutu kumshambulia mbwa mwitu. Kisha akaongeza kwamba ndiyo maana yeye mwenyewe aliitwa hivyo. Kwa mtafiti wa majina hakuna kitu cha thamani kama hicho. Kwa kawaida tunakisia nia ya wazazi. Hapa mwenye jina anatuambia.

Wabulgaria waliomba waziwazi. Stoyan, asimame, abaki nasi. Zhivko, awe hai. Zdravko, awe mzima. Zapryan, isimame hapo, yaani vifo vikome kwa huyu.

Majina haya ya wanyonge yalipotea midomoni mwa Warusi, ila hayakufa. Yamejificha katika majina ya ukoo. Nekrasov ni wa Nekras, Zhdanov ni wa Zhdan, Volkov ni wa Volk, mbwa mwitu. Pavel Tretyakov, mfanyabiashara ambaye jumba lake la picha mjini Moscow linabeba jina lake hadi leo, ana babu fulani wa mbali aliyeitwa Wa Tatu.

Kilichoyafukuza ni ubatizo. Mwanzoni watu walibeba majina mawili bila shida, moja la nyumbani na moja la kanisani. Vladimir alibatizwa Vasily. Yaroslav alikuwa Georgy. Boris na Gleb, ndugu waliouawa na kufanywa watakatifu, kanisani walikuwa Roman na David. Mfalme wa Wakroatia aliyetawazwa 1075 alikuwa Dmitar kwa kanisa na Zvonimir kwa watu wake, na ni Zvonimir lililochongwa kwenye jiwe la Baška, jiwe la kale lenye maandishi huko Kroatia.

Mabadiliko hayo unaweza kuyaona kwa macho huko Novgorod, mji wa kale wa Urusi, ambako tangu mwaka 1951 wanaakiolojia wamefukua barua zaidi ya 1,100 zilizokwaruzwa juu ya magome ya mti ambao Warusi huuita berioza. Barua nambari 109, ya mwanzoni mwa karne ya 12, imetoka kwa Zhiznomir kwenda kwa Mikula. Ni barua ya mtu aliye matatani: ulinunua mtumwa wa kike Pskov, na sasa mke wa mtawala amenikamata kwa ajili yake. Mwandishi ana jina la Kislavi safi, *zhizn*, uhai, na *mir*. Anayeandikiwa ana jina la Mtakatifu Nikolao, lililokwisha kulainishwa na ndimi za Warusi. Wanafanya biashara pamoja na hakuna anayeona ajabu. Ruka sasa hadi barua nambari 377, ya mwishoni mwa karne ya 13. Ni posa. Mikita anamwambia mwanamke aolewe naye: mimi nakutaka, nawe wanitaka, na shahidi ni Ignat Moiseev. Mikita ni jina la Kigiriki, Ignat limekuja na kanisa, na Moiseev ni wa Musa. Katika maneno hayo machache ya mapenzi, hakuna jina hata moja la Kislavi.

Majina yaliyonusurika katika Urusi yalinusurika kwa kupitia mtakatifu. Kalenda ya kanisa ikiwa na Vladimir, Boris, Vyacheslav na Lyudmila, padri alibatiza. Isipokuwa na Zhiznomir, basi. Poland ilikuwa vivyo hivyo: Stanisław lilidumu kwa heshima ya askofu wa Kraków aliyeuawa 1079, na Wojciech kwa heshima ya mmisionari aliyeuawa mwaka 997 na Waprusi, watu wa kale wa pwani ya Baltiki. Huyu wa pili, Mcheki kwa kuzaliwa, alipewa kipaimara na Adalbert, askofu mkuu wa Magdeburg, akachukua jina lake, na kwa ajili hiyo tu Wajerumani na Wapoland huyaona Adalbert na Wojciech kuwa jina moja. Kwa asili hayahusiani hata kidogo.

Mengine hayakunusurika bali yalifufuliwa. Karne ya 19, Wacheki waliokuwa chini ya utawala wa Vienna waliyarudia majina ya zamani kama sehemu ya kujitambua kwao, na mwandishi wao mashuhuri aliyebatizwa Barbora akajulikana kwa taifa lake kama Božena Němcová. Mwamko huo ndio uliowajaza Wacheki kina Jaroslav na Miroslav tunaowajua leo.

Mengine tena yana sura ya kale tu. Vera, Nadezhda na Lyubov, imani, tumaini na upendo, ni maneno ya Kislavi kweli, lakini kama majina ni tafsiri ya majina ya Kigiriki ya mabinti watatu mashahidi, ambao mama yao, Sofia, hakutafsiriwa. Na Svetlana, ambalo wengi hulidhani la enzi za wapagani, lilitungwa na mshairi Vostokov mwanzoni mwa karne ya 19 kutokana na *svet*, nuru, kisha likapendwa kupitia utenzi wa Zhukovsky uliochapishwa 1813. Halikuwamo katika kalenda ya watakatifu. Mapadri walipoletewa mabinti wa jina hilo walitafuta njia: kwa kuwa *phos* ya Kigiriki nayo ni nuru, mtoto aliyeitwa Svetlana nyumbani alibatizwa Fotina.