"Si tushaskani?" Ndio, ila bado hamjahifadhi

Wiki iliyopita nimeisikia tena. Mtu kapiga simu, furaha tele, ananiambia ile kazi ya historia ya mji wao imeisha, picha zote za zamani zimeskaniwa na ziko kwenye grupu la WhatsApp, sasa anauliza yale maboksi ya karatasi ayachome au mimi nayataka. Nikamwambia usiguse kitu, yaache hapo hapo yalipo. Lakini nilishachoka, kwa sababu kwa hesabu yangu hii ni mara ya nne mwaka huu, na wawili kati ya hao wanne walinipigia wakiwa wameshachoma.

Kazi yangu ni nyaraka, na wateja wangu wengi ni wa miji midogo: vikundi vya historia, wastaafu, familia iliyorithi sanduku la marehemu. Naandika hii ili siku nyingine nikiulizwa niitume tu nikae kimya.

Kuskani ni kutengeneza nakala. Basi. Nakala ni kitu kizuri, mimi mwenyewe naskani karibu kila siku, inapunguza kushikashika ile halisi na inamfikia mjukuu aliyeko mbali, ila faili nalo linazeeka na linakufa, tena kimyakimya. Karatasi ikianza kuharibika unaiona, inageuka njano, pembe zinamomonyoka, unapata muda wa kuhangaika nayo. Faili jana limefunguka leo halifunguki, wala halikukohoa. Fleshi ukiifungia kabatini miaka bila kuichomeka popote inaweza kupoteza vitu yenyewe tu, maana ile chaji inayoshikilia data humo ndani inavuja polepole. CD za kuandika nyumbani ile rangi inayobeba data inachakaa. Diski ya nje inaanguka mezani mara moja na imekwisha.

Watu wananiambia ah, hizo ni bahati mbaya za watu wasio na pesa. Haya. Mwaka 1986 BBC ya Uingereza walitaka kuadhimisha miaka 900 ya Domesday Book, yaani ile orodha kubwa ya ardhi na mali aliyoamuru mfalme William wa Kwanza, iliyoandikwa 1086. Wakaomba watu nchi nzima, wengi wao watoto wa shule, waandike kuhusu sehemu wanazoishi, mitaa yao, maduka yao, wanakula nini, wanafanya nini baada ya shule. Zaidi ya watu milioni moja walichangia. Yaani ni kazi yetu hii hii ya historia ya mji mdogo, ila imefanywa kwa bajeti ya shirika kubwa. Vyote wakaviweka kwenye diski za leza zilizosomwa na mashine maalum iliyounganishwa na kompyuta maalum. Haikufika hata miaka 20 mashine hizo zikawa adimu, na kufikia 2002 kulikuwa na wataalam wamekaa chini kutunga programu ya kuiga ile kompyuta ya zamani ili tu diski zisomeke. Mwaka 2011 BBC wakaweka sehemu ya kazi hiyo kwenye tovuti, 2018 tovuti nayo ikafungwa, ikabaki nakala iliyohifadhiwa na National Archives, yaani hifadhi ya taifa ya nyaraka kule kwao. Na kile kitabu cha 1086? Ngozi ya kondoo na wino, bado kipo, bado kinasomwa. Hao ni BBC, sasa wewe na fleshi yako moja ya kupewa kwenye semina!

Na usiniambie iko mtandaoni. GeoCities, ile huduma ya watu kujitengenezea kurasa zao za wavuti bure, ilifungwa 2009 na kurasa za watu zikaenda nayo. Myspace, mtandao wa kijamii uliovuma kabla ya Facebook, mwaka 2019 walitangaza kwamba vitu watu walivyopakia kwa miaka mingi vimepotea walipokuwa wanahamisha seva. Grupu la Facebook ni mahali pazuri sana pa kuuliza "huyu wa pili kushoto ni nani", na majibu yanakuja mpaka unashangaa, ila siku grupu likifungwa, majibu yale yote yameondoka nalo. Yanakilini pembeni, jamani. Kila wiki.

WhatsApp sasa. Kijana mmoja wa kikundi fulani aliniletea picha ya barabara kuu ya mji wao, anasema ndio picha pekee inayoonyesha duka la kwanza kabla halijabomolewa. Nikaifungua kwenye skrini kubwa. Juu ya mlango kuna kibao chenye maandishi, nikakivuta kikubwa, herufi zimeyeyuka zimekuwa vipande vya mraba vya kahawia, huwezi kusema kama inaanza na M au H. Ilishasambazwa kwenye magrupu kadhaa kabla ya kumfikia, na WhatsApp ikitumiwa picha inaibana ili iwe nyepesi. Hapo hapo inaondoa zile taarifa zilizojificha ndani ya faili, kama tarehe na kamera iliyopiga. Kilichobaki ni jina la faili, kitu kama IMG-20210604-WA0031, na huyu kijana kwa nia njema kabisa akaandika chini yake "Juni 2021". Watu kwenye picha wamevaa bugaluu! Hiyo ni tarehe ambayo picha ilipokelewa kwenye simu ya mtu, haina uhusiano wowote na siku iliyopigwa. Ukilazimika kutuma kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, hapo inafika ilivyo.

Ila kinachoniuma hasa ni upande wa nyuma. Mmoja wa wale wawili waliochoma aliskani picha za mama yake, zaidi ya mia mbili, safi kabisa, za mbele tu. Alichoma picha halisi kisha akaja kwangu tumsaidie kutambua watu. Kwenye kona ya boksi zilikuwa zimebaki tatu zilizogandana, nikazigeuza. Nyuma ya ile ya juu kuna mwandiko wa penseli, mdogo, umeinama kulia: majina manne, neno "harusi", mwaka, na chini yake muhuri wa studio ya picha. Alikaa kimya muda mrefu. Mama alikuwa ameandika zote.

Kwa hiyo ukiskani, skani mbele na nyuma hata kama nyuma unaona ni tupu, kuna alama za gundi ya albamu na mihuri ambayo itamsaidia mtu mwingine kujua picha ipi ilikaa karibu na ipi. Picha ndogo weka 600 dpi (nukta kwa kila inchi, zikiwa nyingi picha inakuwa kali zaidi), barua na karatasi za kawaida 300 au 400 zinatosha. Faili mama liwe TIFF, aina ya faili zito lisilopoteza ubora wa picha, hilo usiliguse, usilikate, usilisafishe sura, usilipake rangi kwa ile apu mnayoipenda. Tengeneza JPEG, ile aina nyepesi ya picha, kutoka kwenye hilo, ndiyo ya kusambaza. Liandikie faili jina lenye maana na uwe na jedwali moja linalosema nani, wapi, lini, nani kaileta, nani kasema hivyo. Hicho cha mwisho watu wanakiruka, wanaandika "huyu ndiye mwenyekiti wa kwanza" kama vile karatasi ilijisemea yenyewe. Andika nani kakwambia. Nakala ziwe tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali na nyumba hiyo, kwa ndugu, maktaba, popote ambapo moto wa kwako hautafika. Halafu mara moja kwa mwaka zifungue. Uzifungue kweli, usiangalie tu kwamba folda ipo.

Na maboksi yanabaki. Nakala ya kidijitali na karatasi zinalindana.

Haya mengine nayapitia haraka.

"Tumezilamineti ili zidumu." Mungu wangu. Joto na gundi, na haibanduki tena, ukijaribu kuitoa unatoka na nusu ya karatasi. Na msidhani ni ujinga wa mtaani, hifadhi kubwa za nyaraka zenyewe zilipitia huko, kuanzia miaka ya 1930 kuna Mmarekani aitwaye William Barrow aliyeeneza mtindo wa kubana nyaraka kwa tabaka za asiteti, aina ya plastiki, na waliokuja baadaye wakaishia kuhangaika kuzitoa. Weka kwenye mfuko wa plastiki ya poliesta au polipropilini, ambayo unaweza kuitoa karatasi wakati wowote. Ile plastiki laini ya PVC yenye harufu kali, hapana. Seloteipu pia hapana, gundi yake inaingia kwenye karatasi, inageuka ya kahawia, na plastiki inadondoka ikiacha doa ambalo hakuna wa kulitoa. Imechanika? Iache ilivyochanika, weka vipande pamoja kwenye bahasha.

"Lazima glavu nyeupe." Kwa picha na negativu, ndio, mafuta ya vidole yanaacha alama. Kwa karatasi na vitabu, mikono iliyonawa ikakauka ni bora zaidi, kwa sababu na glavu za kitambaa vidole havihisi kitu na unachana kurasa. British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, wenyewe wanawaambia wasomaji wao hivyo hivyo. Mnapenda glavu kwa sababu zinatoka vizuri kwenye picha za uzinduzi, basi semeni hivyo.

Kalamu ya wino nyuma ya picha: hapana, inakandamiza na kupenya mpaka mbele. Penseli laini, 2B, andika pembeni kabisa, picha ikiwa imelala juu ya kitu kigumu. Mimi natembea na penseli mbili za 2B mfukoni na wanangu wananicheka. Zile picha za rangi ambazo nyuma yake inateleza kama plastiki penseli haishiki, hizo andikia bahasha yake.

"Mji wetu mdogo hauna historia, hakuna mtu mkubwa aliyewahi kutokea." Nikisikia hii naomba nionyeshwe daftari la mahudhurio ya kikundi chochote, risiti za duka, ratiba ya mabasi, barua za kugombania mpaka wa kiwanja. Ukipewa hotuba ya mgeni rasmi na daftari la madeni la muuza duka uchague kimoja, chukua daftari. Hotuba imechapwa nakala nyingi, daftari ni moja tu duniani na ndani yake mna nusu ya mji, nani alikuwa nacho na nani alikopa mwezi gani.

Hii ya wazee ina ncha mbili na zote zinanisumbua. Kuna wanaosema wazee wanachanganya mambo kwa hiyo hakuna haja ya kuwarekodi, na kuna wanaosema mzee kasema basi imekwisha. Mtafiti Mwitalia Alessandro Portelli aliwahoji watu wa mji wa viwanda vya chuma wa Terni kuhusu mfanyakazi aitwaye Luigi Trastulli, aliyeuawa na polisi Machi 1949 wafanyakazi walipoandamana kupinga Italia kuingia NATO, ule muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi. Tarehe iko kwenye nyaraka, haina ubishi. Lakini wengi waliohojiwa miaka mingi baadaye wakakihamishia kifo hicho mwaka 1953, kwenye vurugu za wafanyakazi kupunguzwa kazi kwa wingi. Walikosea tarehe, sawa, ila kosa lenyewe linakwambia ni jeraha lipi liliuma zaidi mji ule. Sasa wewe ukimrekodi mzee halafu "ukamrekebisha" kwenye maandishi, umefuta sehemu yenye utamu. Andika alivyosema, kisha pembeni andika nyaraka zinasemaje.

"Picha ni yangu, ninayo mkononi." Karatasi ni yako. Haki ya kuichapisha kwa kawaida ni ya aliyepiga au warithi wake mpaka muda wake uishe, na muda huo unategemea sheria ya nchi, Mkataba wa Berne wa 1886, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unaweka kiwango cha chini tu. Mpigapicha akiwa hai muulize, wengi wanafurahi kukumbukwa. Na hata kama sheria inaruhusu, mtu aliyepigwa picha akiwa kwenye hali ya aibu miaka ile na bado anaishi mtaa wa pili, huyo naye muulize.

Mwisho kuna hii ya "tukishapata jengo la makumbusho ndio tutaanza". Wenye kumbukumbu hawasubiri jengo. Kaa na mzee mmoja, saa moja, mwonyeshe picha tano badala ya kumwuliza "tueleze historia ya mji", swali hilo hata mimi linanifunga mdomo. Mwombe ruhusa kabla, na irekodi ruhusa yenyewe mwanzoni, jina lake na tarehe kwa sauti yake. Zima redio. Na simu unayorekodia iweke kwenye hali ya ndege, kwa sababu mimi ninayo rekodi ya dakika kumi na saba ya bibi mmoja anaeleza nani alichimba kisima cha kwanza, anafika kwenye jina, simu inaita, apu inakatika, na alipoanza upya jina lilikuwa limemtoka.