Saruji haiponyi ukuta wa mawe na chokaa

Ule ujumbe wa "Unataka kuuza nyumba ya zamani? Piga plasta ya saruji, unyevu kwisha, bei juu" bado unazunguka kwenye magrupu ya Bagamoyo. Kwa nyumba zetu za mawe ya matumbawe na chokaa, si kweli.

Ukuta wa aina hiyo hunyonya maji ya ardhini na kuyatoa taratibu kupitia chokaa. Ukiufunika kwa saruji, maji yanakosa pa kutokea, yanapanda juu zaidi, na chumvi inajikusanya nyuma ya plasta. Ndipo unapoona unga mweupe, rangi inabambuka, na ukigonga panalia wazi.

Kinachowachanganya watu ni kwamba miezi ya kwanza ukuta unapendeza kweli (subiri masika), na kwenye nyumba ya tofali za saruji plasta hiyo haina neno.

Kupima ni rahisi. Bandika kipande cha nailoni ukutani, ziba pande zote kwa selotepu, kiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa ukuta, unyevu umo ukutani. Yakiwa upande wa chumbani, ni hewa tu, fungua madirisha.

Ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze. Mtafute kwanza fundi anayeijua chokaa. Mnunuzi makini naye atagonga ukuta.